Wizara Iliyoanika Majina

Karibuni, ila anayetaka kuitikia aitikie kimoyomoyo. Katika nchi yetu ya Maridhia, kuitika ukiitwa jina lako ni kosa la jinai kama hujatimiza miaka thelathini na mitano, na mimi sitaki mtoto wa mtu apelekwe kituoni kwa sababu ya mazungumzo ya muuza uji.

Naam, mimi ni muuza uji. Naitwa Hidaya, nina miaka hamsini na mmoja, kwa hiyo jina langu naruhusiwa kulitaja, tena kwa sauti. Meza yangu ipo getini pa Wizara ya Hifadhi ya Majina ya Vijana. Nitakayowaambia nimeyaona kwa macho haya, na mengine nimeyasikia nikipeleka vikombe ghorofani. Sina ugomvi na serikali yangu. Serikali inapenda uji wenye pilipili manga, na mimi naupika.

Mambo yalianza na wezi. Ilikuwa kijana akimaliza shule tu, kabla hata wino wa cheti haujakauka, mtu asiyemjua katika mji wa mbali keshasajili laini ya simu kwa jina lake, keshakopa, na mwingine keshaoa. Watoto wakalia, wazazi wakalia. Ndipo Mheshimiwa Waziri Shaibu Lugongo akatuita uwanja wa mpira, akasimama kwenye jukwaa lenye zulia, akatuhutubia.

"Ndugu wananchi! Kijana ni nani? Kijana ni mtu ambaye hata kofia yake huisahau kwenye basi! Je, asiyeweza kutunza kofia ataweza kutunza jina?"

Tukapiga makofi. Kulikuwa na soda za bure.

"Basi serikali yenu, kwa moyo wa mzazi, itayachukua majina yote ya vijana tangu wanapofika miaka kumi na minane, iyahifadhi mahali ambapo wezi wataishia kutumbua macho tu, wasifike, na kumrudishia kila mmoja jina lake akitimiza thelathini na mitano, likiwa safi kama lilivyotoka kwa mama yake!"

"Mahali gani hapo?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Kwetu," akajibu Waziri.

Tukapiga makofi tena. Mwenzenu nilipiga mpaka viganja vikawaka, siwafichi.

Vijana wakapanga foleni. Kila mmoja akaacha cheti cha kuzaliwa, picha na alama ya dole gumba, akapewa stakabadhi yenye namba. Kuanzia hapo barabarani ukawa ni namba. Shuleni namba, kliniki namba, msikitini na kanisani namba. Nyumbani mama aliruhusiwa kukuita jina lako, alimradi sauti isimfikie jirani.

*

Haukupita mwezi, ikatoka ripoti. Aliiandika Bwana Sefu Mapande, mtu wa miaka hamsini na minne, mwenye kitambi cha heshima na masharubu mazito kama brashi ya viatu. Ripoti ilikuwa na vitabu tisa na ilisema jambo moja: jina lisipotumika huota ukungu.

Jamani, sisi tunajua nguo ikikaa sandukuni bila jua inaota ukungu. Kuhusu jina hatukuwa tumesikia. Lakini vitabu tisa ni vitabu tisa, nani atabisha? Ikaundwa Idara ya Uanikaji, na Bwana Mapande akawa mkurugenzi wake.

Kila siku saa mbili asubuhi kamba ilifungwa ua mzima wa Wizara, na majina yakaanikwa kwenye kadi, kila kadi na kibanio chake. Saa tatu maofisa walishuka na vikombe vyangu mkononi, wakawa wanapita chini ya kamba wakichagua.

"Leo mimi namwanika huyu aliyefaulu udaktari."

"Hebu nisogezee huyo mwenye haki ya kiwanja."

"Na uchaguzi mdogo wa Jumapili? Tutahitaji kama mia sita hivi."

Kadi ikishachukuliwa, ofisa alikwenda kulitumia jina mchana kutwa ili lisioze. Likapata kiwanja, likapata ufadhili, likapiga kura. Jioni likarudishwa kambani likiwa limechoka. Nami niliona kitu, ingawa sikusema: majina ya waliofeli yalining'inia pale mpaka jua likayafuta maandishi, na hakuna aliyejali ukungu wao.

Bwana Mapande alijitungia na sheria, Kanuni ya Nane, akaitia kwenye fremu na kuitundika nyuma ya kiti chake. Alinisomea mwenyewe siku moja nilipompelekea uji. "Mwanikaji ndiye mwenye jina, kwa mambo yote." Akanyanyua kidole. "Kwa mambo yote, Mama Uji! Hapo hata mwanasheria hatii mguu. Unaiona kalamu yangu?"

Nikamwambia naiona.

*

Sasa mtaani kwetu yuko Kidawa Mshangama, binti wa miaka kumi na tisa. Mama yake, Mwanakheri, anafua mashuka ya hospitali. Dada yake Kidawa, marehemu Mwajabu, alifia mikononi mwao akijifungua, kwa kuwa mkunga wa pekee siku ile alikuwa wilaya nyingine. Tangu siku ya kumzika, Kidawa alisema atakuwa mkunga, na akasoma kama mtu anayedaiwa roho. Akafaulu. Akachaguliwa Chuo cha Wakunga, ambako nafasi ni thelathini kwa nchi nzima.

Barua ya chuo ilisema aripoti kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na alete hati yoyote ya serikali yenye jina, picha na mhuri. Asiyefika, nafasi yake inafutwa.

Jumatatu akaja Wizarani, stakabadhi mkononi, kitambaa cheupe kichwani. Nilimsikia dirishani.

"Naomba jina langu."

Karani akafungua daftari. "Kidawa Mshangama yupo kazini."

"Kidawa ni mimi."

"Wewe ni 40217. Kidawa yuko ghorofa ya tatu, anakunywa uji."

Na kweli, uji ule nilikuwa nimetoka kuupeleka mimi! Nikamfuata binti ngazini kwa kisingizio cha kuchukua kikombe. Akaingia kwa Bwana Mapande bila kubisha hodi, akamkuta ameishika nakala ya barua ya chuo iliyotumwa Wizarani.

"Ah, binti," akasema Bwana Mapande, "usiwe na wasiwasi, jina lako linaendelea vizuri mno. Limepata nafasi chuoni!"

"Nafasi nimepata mimi."

"Wewe ulifaulu. Nafasi imepata jina. Ijumaa mpwa wa mke wangu atakuja kulichukua, alipeleke darasani."

"Huyo mpwa wa mke wako alifaulu?"

"Angefaulu angehitaji jina la mtu?"

Kidawa akashuka. Hakulia, ila alikipokea kikombe nilichompa bila kukitazama, nusu ya uji ikaishia kwenye gauni. Mimi nikaanza kukoroga sufuria ambalo halikuhitaji kukorogwa.

"Mama Uji," akasema, "ile kanuni yake inasemaje?"

"Mwanikaji ndiye mwenye jina, kwa mambo yote. Nimesomewa."

"Yote?"

"Yote, mwanangu. Kidole juu."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyekwisha amua. "Haya. Acha nikamwite shangazi."

*

Nyinyi mnaomjua Shangazi Mize hamhitaji maelezo. Msiomjua, mshukuruni Mungu au mlalamikieni, mtajua wenyewe. Jumanne asubuhi alikuja na Mwanakheri na wanawake wengine tisa wa ukoo, kanga zimefungwa kiunoni.

"Mnakwenda wapi?" mlinzi akauliza.

"Kumwona mwanetu Kidawa. Tumeambiwa kapata kazi hapa."

Mlinzi akatazama orodha. Kidawa Mshangama, ghorofa ya tatu. Ndugu wa mtumishi wanaruhusiwa. Akawafungulia, nami nikapanda nyuma yao na birika.

"Kidawa mwanangu!" Shangazi Mize akapiga ukelele mlangoni. "Umenenepa! Na hayo masharubu tangu lini?"

"Akina mama, mimi ni Mkurugenzi wa..."

"Tumesikia, hongera. Lakini cheo hakimzuii mtu kumwamkia shangazi yake. Niamkie."

Bwana Mapande akamtazama karani wake. Karani akaitazama ile fremu ukutani. Angekana jina moja, watu wangeuliza na mengine, na Bwana Mapande alikuwa ameanika majina arobaini na matatu, mengine yana nyumba tayari.

"Shikamoo, shangazi," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Na mama yako humwoni?"

"Shikamoo, mama."

Mwanakheri akageuza uso.

"Sasa," akasema Shangazi Mize, "baba yako mkubwa amefariki jana, Mungu amrehemu. Zamu ya kumenya vitunguu ni yako. Watu mia tatu. Vua koti."

Jamani, alivua! Alikaa uani msibani na beseni mbele yake, tai imetupwa begani, machozi yanamtiririka, na wageni wakimsifu kwamba Kidawa ana uchungu na ndugu zake. Jumatano akapelekwa kwa bibi mzaa mama, kumkanda mguu kwa mafuta ya karafuu. Bibi haoni vizuri. Akamfinya shavu akamwambia, "Mikono yako imekuwa mizito, Kidawa. Lakini umekuja, na wenzako hawaji." Akamkandisha mpaka adhuhuri, kisha akamwonyesha mguu wa pili.

Maofisa wengine wakaanza kuziogopa kadi. Walipita chini ya kamba wakiulizana: huyu ana shangazi wangapi?

*

Alhamisi ikaja posa.

Mzee Sadala mwenye mashine ya kusaga amemposa Kidawa mara mbili na mara mbili amekataliwa. Shangazi Mize akamtumia ujumbe kwamba safari hii alete barua, binti yupo Wizarani. Mzee, naapa, hakujua lolote. Alikuja saa tatu kamili na wazee wanne wenye kanzu zilizopigwa pasi, barua ya posa imefungwa kwenye leso ya hariri, moja kwa moja hadi chini ya kamba, ambako Idara nzima ilikuwa imesimama na vikombe.

Msemaji wao akaanza, kama ilivyo ada: "Tumepita tukaona ua zuri katika bustani yenu..."

"Posa imekubaliwa," akasema Shangazi Mize. "Harusi ni kesho baada ya swala. Bwana harusi, mchumba wako ni huyo hapo."

Mzee Sadala akavaa miwani. Akamtazama Bwana Mapande kutoka viatu hadi masharubu, akashusha pumzi. "Nilidhani ni mwembamba kidogo," akasema. "Lakini umri wangu huu, nitachagua nini?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja alikwishamshika Bwana Mapande mkono wa kushoto, anampaka hina.

"Niacheni!" akanguruma. "Mimi si Kidawa! Sijawahi kuwa Kidawa! Mimi ni Sefu Mapande, mwanamume, nina wake wawili!"

Karani wake, aliyezoeshwa kuandika kila neno la mkurugenzi, aliandika na lile, akapiga mhuri.

Kidawa akajitokeza kutoka nyuma ya meza yangu. "Mmesikia?" akasema. "Si yeye. Sasa nipeni jina langu, kesho natakiwa chuoni."

Waziri Lugongo mwenyewe alishuka. Akaisoma karatasi, akaisoma tena, akajikohoza.

"Wizara yangu inaongozwa na utaalamu, si hisia. Bwana Mapande amekiri kwamba si Kidawa, hivyo nakala ya barua aliyoichukua imebatilika. Binti huyu hana hati, hivyo naye hawezi kuthibitisha kwamba ni Kidawa. Hitimisho la kitaalamu ni kwamba Kidawa hayupo. Jina lirudi ghalani likapumzike."

Hapo ndipo Mwanakheri aliposema. Ni mwanamke mpole, mikono imechujuka kwa sabuni, sikuwahi kumsikia akipandisha sauti.

"Hayupo? Mimi nilizaa wawili. Mwajabu nimemzika na jina lake, hamkuja kulihifadhi. Lile lilikuwa halina faida kwenu. Huyu simtoi! Mnasikia? Simtoi!"

"Mama, serikali inauelewa uchungu wako," akasema Waziri, akaingia kwenye gari, kioo kikapanda.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi Kidawa akaja na ndoo ya chokaa na brashi. Nilidhani amepata kibarua. Akaenda kwenye ukuta wa Wizara, upande wa barabara kuu, akaandika kwa herufi ndefu kumpita yeye: KIDAWA MSHANGAMA. Akaweka brashi chini, akasimama chini ya jina lake, mikono kiunoni, akangoja.

Akaja koplo kutoka kituo cha ng'ambo ya barabara, kijana mmoja mtaratibu.

"Nani ameandika?"

"Mimi."

"Jina la nani hilo?"

"Langu."

"Unajua ni kosa kutumia jina lililo hifadhini?"

"Najua. Nikamate basi, mbona unachelewa?"

Nikawafuata na birika, maana askari nao wanakunywa uji. Koplo akatoa fomu, akaandika kosa, akafika kwenye nafasi ya jina la mshtakiwa, akasita.

"Nitaandika 40217."

"Andika," akasema Kidawa. "Halafu hakimu atauliza, huyu 40217 ametumia jina la nani? Utamwita mwenye jina aje alalamike?"

"Wizara inasema mwenye jina hayupo."

"Sasa nimemwibia nani?"

Koplo akavua kofia, akajikuna. Saa sita ikapita hivyo, ikaja saa saba, mimi naitazama saa ya ukutani. Mwishowe akapiga simu Wizarani. Waziri alikuwa anafoka hata sisi tulimsikia.

"Mshtaki! Mshtaki leo hii! Amechafua ukuta wa taifa!"

"Nimshtaki kwa jina gani, mheshimiwa?"

"Kwa jina lake, mjinga wewe!"

Koplo akaweka simu chini. Akamtazama Kidawa, na mimi nikaona kitu kikipita usoni mwake, sijui ni tabasamu au nini. Akaandika pole pole, kwa mwandiko mzuri: Jamhuri dhidi ya Kidawa Mshangama, umri miaka kumi na tisa. Akabandika picha, akachukua alama ya dole gumba, akapiga mhuri wa mviringo mpaka meza ikatikisika. Mama yake, aliyekwishafika na Shangazi Mize, akamdhamini. Nakala ya mshtakiwa akapewa mshtakiwa.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Nilifunga meza, jambo ambalo sijawahi kulifanya siku ya Ijumaa, tukapanda pikipiki mbili, mama na binti mbele, mimi na Shangazi Mize nyuma, na kama dereva wetu hakuwahi kusali maisha yake, siku ile alisali.

Chuoni msajili ni Bi Arafa Kheri, mkunga aliyefanya kazi miaka thelathini, mwanamke asiyecheka ovyo. Akaipokea karatasi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Hati ya mashtaka. Kosa: kutumia jina lake mwenyewe bila kibali." Akaitazama picha, akamtazama Kidawa. Akaugusa mhuri kwa kidole. "Barua yetu ilisema hati gani?"

"Hati yoyote ya serikali, bibi. Yenye jina, picha na mhuri."

"Hatukusema iwe nzuri." Akafungua daftari. "Serikali yenyewe inasema huyu ndiye Kidawa Mshangama. Mimi ni nani nibishane na serikali? Kesi yako lini?"

"Tarehe tisa mwezi ujao."

"Utaomba ruhusa siku hiyo. Na usije na chokaa kwenye kucha, hapa tunapokea watoto."

Akaandika jina, saa kumi kasoro dakika nne. Kidawa alipoliona limekaa pale daftarini ndipo alipolia, kwa sauti, kichwa kifuani kwa mama yake, na mimi nililia, na Shangazi Mize akatuambia tuache kelele, huku kanga yake imelowa.

*

Jumatatu nilipofika kazini, ukuta wa Wizara haukuonekana. Majina! Kutoka chini hadi mwisho wa mkono wa kijana mrefu, kwa chokaa, kwa mkaa, kwa rangi ya mlango. Na mbele ya kituo, foleni imezunguka hadi sokoni, vijana wenye vidole vyeupe, kila mmoja anaomba ashtakiwe. Nyuma ya kila kijana, shangazi.

Waziri akatangaza redioni kwamba ni marufuku kuwakamata. Baada ya saa moja akatangaza kwamba ni marufuku kutowakamata. Baada ya hapo redio ikapiga muziki.

Koplo hakusikiliza redio. Alikuwa mezani anaandika bila kuinua kichwa. Nilipomwekea kikombe niliiona hati ya kwanza kabisa kwenye rundo lake, picha yake mwenyewe imebandikwa juu: Jamhuri dhidi ya Koplo Tindwa Magembe, miaka thelathini na mmoja.

"Kumbe unaitwa Tindwa," nikasema.

"Ndiyo, mama," akasema. "Anayefuata!"

Sikumwaga hata uji uliobaki. Nilikimbia hadi nyumbani, mtu wa umri wangu, ndala moja imebaki njiani. Nina binti wa miaka ishirini na miwili. Nikasimama katikati ya barabara mchana kweupe, mbele za majirani na mjumbe wa mtaa, nikavuta pumzi.

"Tausi!" nikaita. "Tausi! Vaa viatu, mwanangu, twende ukashtakiwe!"